Toa Mji, Mlango Ufunguke

Mpunga ukianza kutoa masuke, mitaa ya Ifakara hupungua watu. Familia nzima hufunga nyumba ya mjini, hubeba masufuria, vyandarua na kuku wawili watatu, kisha hushuka bonde la mto Kilombero kukaa shambani mpaka mavuno. Huko makazi ni dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, kwa sababu chini kuna maji ya masika, kuna nyoka, na kuna kiboko anayetoka mtoni usiku kula jasho la watu. Mchana tunafukuza ndege kwa debe na kombeo. Usiku tunalinda nguruwe pori, na anayelinda nguruwe hapaswi kusinzia. Ndiyo maana usiku wa dungu ukawa na michezo yake.

Nimelelewa humo. Bibi yangu, Mndamba wa ukoo wa wavuvi, alikuwa na ngano zisizokwisha kwa usiku mmoja. Kijana anashuka shimoni kumfuata dada yake aliyechukuliwa na zimwi. Chini ya shimo kuna kijiji, chini ya kijiji kuna mto, ng'ambo ya mto kuna nyumba yenye vyumba saba, na kila chumba kina mlinzi wake. Bibi akifika mlangoni alinyamaza, akachokoa moto. "Mlango umefungwa, wajukuu zangu." Hapo tulijua vitendawili vimefika.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu kubwa haina mlango."

Aliyejua kwamba ni yai alitupitisha sote. Tukishindwa, kulikuwa na malipo, na malipo yake yanajulikana popote Kiswahili kinapotegwa: toa mji. Mmoja wetu husema, "Nakupa Mahenge." Bibi anakataa, Mahenge anao tangu juzi. "Nakupa Mlimba." Anaufikiria, anaupokea, halafu anatusimulia jinsi alivyofika Mlimba akakaribishwa wali kwa samaki kitoga, akakaa, akanenepa, akarudi. Ndipo alipotoa jibu, na mlinzi akasogea.

Naomba msomaji aitazame vizuri desturi hiyo. Mji ni kitu ambacho hata mtoto asiye na shilingi anacho, mradi amesikia jina lake. Nilitoa Dar es Salaam kabla sijavuka hata mto Kilombero. Lakini mji ukishatolewa umekwenda, kwa hiyo kila usiku ulitulazimu kujua zaidi: Kiberege, Mang'ula, Mngeta, Lupiro, hata vituo vya reli ya TAZARA kimoja baada ya kingine. Na jambo ninalolipenda kuliko yote ni hili: alilipa mmoja, tukaingia wote. Hakukuwa na mtoto aliyeachwa nje ya chumba cha pili kwa kuwa mji ule haukuwa wake.

Wakubwa nao hawakuwahi kuingia gizani bila utaratibu. Mwaka 1926 Mwingereza A. G. O. Hodgson aliandika juu ya mila za uwindaji za Wandamba wa bonde hili, akaonyesha jinsi safari ya kumwendea tembo ilivyobebwa na dawa na miiko. Kwetu porini huingii mtupu na huingii kimyakimya. Unaaga, unaelekezwa, na waliobaki nyumbani nao wana sehemu yao katika safari.

Sasa twende mjini. Kuna kibanda kimoja cha kijana anayetengeneza simu na kuingiza nyimbo kwenye memori kadi, karibu na sokoni. Vibanda vingi vya gemu Ifakara ni vya mpira: unalipa, unashika pedi, ukifungwa unampisha mwenzako. Kijana huyu ana kompyuta, na ndani ya kompyuta kuna Diablo III, gemu la Marekani lililotoka mwaka 2012. Mpwa wangu ndiye aliyenipeleka. Nilikaa kwenye kreti la soda nikatazama, na kabla ya nusu saa nywele zilinisimama, kwa sababu ngano ile niliijua.

Nyota imeanguka juu ya kanisa la zamani, ikatoboa sakafu mpaka chini. Binti mmoja anamtafuta mjomba wake, mzee Deckard Cain, aliyezama humo. Mchezaji anashuka kumfuata, ghorofa baada ya ghorofa, makaburi chini ya makaburi, na kila palipo na mlango pana wa kuulinda. Cain huyo ni mzee wa hadithi. Katika Diablo ya kwanza alikaa kijijini Tristram. Ukimletea kitu cha ajabu ulichokiokota shimoni ili akwambie ni nini, unamlipa vipande 100 vya dhahabu. Mzee anayejua haelezi bure. Bibi angemwelewa.

Diablo III limeundwa kwa mtu mmoja na kompyuta yake, au watu wanne kila mmoja na yake. Kibandani lilichezwa na watu tisa kwenye kompyuta moja, nao wakajiwekea utaratibu bila kuandika popote. Mmoja ameshika mausi. Mmoja, anayejua Kiingereza kuliko wengine, anasoma maneno na kuyasema kwa Kiswahili. Mdogo kabisa anahesabu chupa za dawa zilizobaki. Waliobaki wanaangalia nyuma, kama tulivyoangalia nyuma sisi kwenye dungu. Ukifa, unapisha. Asiye na hela siku hiyo anakaribishwa kutazama, lakini haruhusiwi kutoa ushauri wa kupotosha. Na kwa kuwa gemu hilo kwenye kompyuta halichezeki bila intaneti hata ukiwa peke yako, kila mmoja kwa zamu yake analeta bando. Mtandao ukikatika katikati ya vita, hakuna anayemlaumu aliyeshika mausi.

Wazazi hawakupendezwa na jina. Diablo kwa Kihispania ni Shetani, na Ifakara ni mji wa kanisa na msikiti. Mama mmoja alikuja kumchukua mwanawe kwa sikio. Kijana wa kibanda alimwamkia shikamoo, akampa stuli, akamweleza kwamba huyo Shetani ndiye anayepigwa. Mama alitazama kidogo, akaomba sauti ipunguzwe wakati wa adhana na wa misa, na ombi likakubaliwa.

Wakamaliza sura ya 4. Shetani akaanguka. Kisha wakagundua kwamba kuna sura ya 5, iliyotoka mwaka 2014 kwa jina la Reaper of Souls, na kwamba inauzwa mbali, kwa dola. Mlango umefungwa, toa hela.

Sioni ubaya kwamba hadithi iendelee kwa malipo. Nimekwisha kusema bibi yangu alitoza. Kinachoniuma ni aina ya ufunguo. Nyongeza ukiinunua inafungwa kwenye akaunti moja, ya mtu mmoja, na hata kulipia kulitaka kadi ambayo kijana wa kulinda ndege hakuwa nayo. Hapa jina la Mlimba halifungui kitu.

Wakachanga. Walifanya kama tunavyochangia msiba au harusi, kwa daftari: jina, kiasi, amelipa, bado. Mmoja alileta hela ya perege aliowavua, mwingine alileta mchele, ukauzwa. Hela yote wakaituma kwa simu kwa ndugu wa mmoja wao Dar es Salaam mwenye kadi, sura ikafunguka, na kwenye kibanda wakakubaliana kwamba akaunti ni ya daftari zima.

Mwaka 2024 likatoka gemu jingine, Tales of Kenzera: Zau, la Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, aliyelitunga kwa uchungu wa kufiwa na baba yake. Mganga kijana anatafuta njia ya kumrudisha baba yake kutoka kwa wafu. Limetiwa sauti za Kiswahili. Niliposikia sauti hizo kwenye simu ya mpwa wangu nililia, na sioni haya kulisema. Vijana wa kibandani wamezoea kutafsiriana; siku hiyo aliyejua Kiingereza alikaa akasikiliza kama wengine.

Masika yaliyofuata mpwa wangu alikuja nasi bondeni. Umeme hakuna, mtandao unapatikana ukipanda kichuguu. Usiku wa pili watoto walimzunguka juu ya dungu, naye akaanza sura ya 5 kwa mdomo: Malthael, malaika aliyegeuka mauti, amechukua jiwe lililofungiwa roho ya Shetani, na njia ya kumfikia inapita kwenye mji unaokufa. Alisimulia vizuri, kwa mikono na macho. Alipofika kwenye lango la mji alinyamaza, akachokoa moto.

"Limefungwa."

"Nakupa Mahenge!" alisema mdogo wao.

"Mahenge ninao."

Wakanong'onezana. Kwa mbali kiboko alikoroma mtoni. Msichana wa dungu la jirani, mtoto wa Wasukuma waliohamia bondeni, akasema kwa sauti ndogo, "Nakupa Maswa."

Mpwa wangu hakuwa nao. Aliupokea kwa mikono miwili, akauliza kule wanakula nini, na yule mtoto akaanza kumweleza.