Mgonjwa wa Pumu na Uchaguzi wa Makazi: Mafunzo kutoka Karagwe na Kyerwa

Mtu asumbuliwaye na pumu au sainasi aghalabu hushauriwa ahame. Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ushauri huo una gharama kubwa, kwani kuhama huenda kukawa ni kuacha kibanja cha migomba na mibuni kilichorithiwa. Yafaa basi kuuliza: je, hewa ya mahali pengine huponya?

Imani ya kwamba hewa ya milimani ni tiba ina msingi wa kisayansi. Mji wa Davos nchini Uswisi, ulioko kiasi cha mita 1,560 juu ya usawa wa bahari, ulipata sifa tangu karne ya 19 kwa kupokea wagonjwa wa mapafu, na baadaye wa pumu. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Leiden, Uholanzi, walionyesha kwamba chanzo kikubwa cha mzio utokanao na vumbi la nyumbani ni utitiri, kijidudu cha jamii ya buibui chenye urefu wa kama theluthi moja ya milimita. Utitiri huishi magodoroni na kula magamba ya ngozi ya binadamu. Haunywi maji, bali hufyonza unyevu uliomo hewani. Hewa ya Davos ni kavu. Kwa sababu hiyo utitiri hustawi kwa shida huko.

Vilima vingi vya Karagwe na Kyerwa navyo hupita mita 1,500. Hata hivyo, mwinuko si sawa na ukavu. Kagera hupata misimu miwili ya mvua kwa mwaka. Mji wa Bogotá, Kolombia, uko katika tropiki kwenye mita 2,600 hivi, na utitiri umeonekana humo. Kinachouangamiza si urefu wa mlima, bali ni ukavu wa hewa.

Kwa hiyo tofauti kati ya nyumba mbili za kijiji kimoja yaweza kuwa na maana kuliko tofauti kati ya wilaya mbili. Usiku usio na mawingu, ardhi ya kilimani hupoteza joto. Hewa inayoigusa hupoa, huwa nzito na kuteremka bondeni, ambako ukungu na moshi wa mekoni hutuama mpaka jua lipande. Nyumba iliyo katikati ya mteremko huepuka mengi ya hayo kuliko iliyo kando ya kinamasi. Vilevile iliyo mbali na barabara ya udongo huepushwa na vumbi jekundu la kiangazi cha Juni hadi Agosti.

Ndani ya nyumba ndiko kwenye hatari zaidi. Chembe za moshi wa kuni ni ndogo mno hata haziwezi kuzuiwa na vinyweleo vya pua. Hufika mapafuni na kukera njia za hewa, ambazo kwa mwenye pumu hubana upesi. Kwa mwenye sainasi, utando wa pua huvimba na kuziba vijitundu vinavyotoa kamasi kutoka kwenye mifupa ya uso. Nyasi zinazotandikwa sakafuni, zikipata unyevu, huota kuvu. Jiko lililotengwa na chumba cha kulala, madirisha yanayokabiliana, na matandiko yanayofuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani ni mambo yawezekanayo bila kuuza shamba.

Makazi mema hayachukui nafasi ya dawa. Mwenye pumu huhitaji dawa ya kuvuta, na aishi mahali ambapo aweza kufikishwa hospitali upesi, hata usiku wa mvua.

Wanafunzi waweza kulichunguza jambo hili wenyewe. Wachukue vipimajoto viwili, kimoja kikivikwa kitambaa chenye maji kwenye tumbo lake. Wasome vyote viwili kila asubuhi kwa juma zima katika chumba cha kulala cha nyumba ya bondeni, na pia cha nyumba ya mteremkoni. Kadiri tofauti ya vipimo inavyopungua, ndivyo unyevu unavyozidi. Mtumishi anayeomba uhamisho, au mzazi anayetaka kuuza kibanja kwa ajili ya mtoto wake, angefanya vema kuanza na kipimo kama hicho, kisha jiko, kisha godoro.