Kelele za Redio Zinazotoa Habari za Anga

Hakuna msikilizaji wa redio apendaye kelele. Mtu atafutapo kituo cha mbali katika mawimbi mafupi, mara nyingi hukutana na mvumo kama wa mvua inyeshayo juu ya bati, naye upesi huzungusha kitufe ili aukimbie. Lakini wako wataalamu waliouwekea mvumo huo mitambo ya kuusikiliza usiku na mchana. Kwao hao, kelele si adui. Wasiwasi huwaingia pale kelele inapopungua.

Sehemu ya mvumo huo hutokana na radi na mashine za umeme. Sehemu nyingine hutoka mbali mno. Mwaka 1933, Karl Jansky, mhandisi Mmarekani katika maabara ya kampuni ya simu ya Bell, alieleza chanzo chake. Alikuwa amepewa kazi ya kuchunguza kelele zilizokuwa zikiharibu mazungumzo ya simu za redio kuvuka Bahari ya Atlantiki. Akaona kwamba mvumo mmoja ulifika kileleni kila baada ya saa 23 na dakika 56, wala si saa 24 kamili. Huo ndio muda ambao nyota huchukua kurudi mahali pale pale angani. Basi mvumo ule haukutoka mjini wala juani, bali katika Njia ya Maziwa, ule ukanda mweupe wa nyota uonekanao usiku usio na mbalamwezi.

Kabla ya kutufikia, mvumo huo hupita katika ayonosfia, sehemu ya juu ya angahewa yenye chembe za umeme. Tabaka lake la chini liko kati ya kilomita 60 na 90 hivi juu ya vichwa vyetu. Humo mionzi ya jua hubandua elektroni kutoka katika hewa. Wimbi la redio likipita, elektroni hizo hutikisika, zikagongana na hewa, na nguvu ya wimbi ikapotea kwa kugeuka joto. Tabaka hilo hufifia jua likitua. Ndiyo maana stesheni za mbali za mawimbi ya kati husikika vizuri zaidi usiku.

Hapo ndipo wataalamu walipopata kipimo. Ikiwa mvumo wa nyota haubadiliki, basi ukipungua, lazima kuna kitu kilichoufyonza njiani. Mwaka 1959, Gordon Little na Harold Leinbach wa Chuo Kikuu cha Alaska walieleza chombo walichokiita riomita. Chombo hicho hufanya kazi kama mizani ya dukani. Upande mmoja una mvumo ushukao kutoka angani kwa antena. Upande wa pili una kelele itengenezwayo na chombo chenyewe. Riomita huongeza au kupunguza kelele yake hadi pande mbili zilingane, kisha huandika ni kiasi gani kilichohitajika. Matokeo hulinganishwa na ya siku tulivu, kwa saa ile ile ya nyota.

Kwa kawaida riomita husikiliza karibu na megahezi 30. Mawimbi ya huko hupenya ayonosfia, huku yakipoteza nguvu kidogo tu. Lakini kadiri mawimbi yawavyo marefu, ndivyo yafyonzwavyo zaidi: upungufu wa desibeli moja katika megahezi 30 huwa kama desibeli tisa katika megahezi 10. Kwa hiyo tone dogo linaloonekana katika riomita laweza kuwa ukimya kamili kwa rubani au nahodha ategemeaye mawimbi mafupi.

Jambo hili si la maabara tu. Tarehe 6 Septemba 2017, kimbunga Irma kilipokuwa kikipiga visiwa vya Karibi, mlipuko mkubwa ulitokea katika jua. Mionzi ya eksirei ilinenepesha tabaka la chini la ayonosfia katika upande wa dunia uliokuwa mchana. Waendesha redio wa kujitolea, waliokuwa wakipeleka habari za kimbunga, walipoteza mawasiliano. Nje ya pwani ya Brazil na Guyana ya Kifaransa, ndege moja haikusikika katika redio kwa muda wa dakika 90 hivi, hata hatua za tahadhari zikaanza kuchukuliwa.

Riomita haiwezi kuuzuia mlipuko wa jua. Faida yake ni kumwambia mwendesha mitambo kwamba redio yake haijaharibika, bali njia ya angani imeziba. Ajaribu mawimbi ya megahezi za juu zaidi, ama atumie njia nyingine. Katika maeneo ya karibu na ncha za dunia, ambako chembe kutoka juani zaweza kuziba njia hiyo kwa siku kadhaa, habari hiyo ni ya thamani kubwa. Dalili ya mvua ni mawingu. Na dalili ya dhoruba hii isiyoonekana kwa macho ni kufifia kwa mvumo ambao wengi wetu tusingependa hata kuusikia.