Mchanga Sebuleni: Mahame ya Almasi Namibia

Mpiga picha yeyote anayependa mahame atakutajia Kolmanskop, mji uliohamwa kilomita kama 10 kutoka bandari ya Lüderitz, kusini mwa Namibia. Mchanga wa jangwa umesukuma milango, ukaingia sebuleni na kupanda hadi usawa wa kitasa. Kuta bado zina rangi zake za zamani, bluu na kijani, pale ambapo upepo haujazikwangua.

Nyumba zenyewe hutajwa kwa kazi za wenyewe: ya meneja, ya mwalimu, ya mhasibu. Kata kibali maalumu cha wapiga picha, maana tiketi ya kawaida haikuruhusu kuwamo alfajiri wala magharibi, na hizo ndizo saa ambazo jua hupenya madirishani kwa ubavu na kuonyesha kila mkunjo wa mchanga. Adhuhuri picha hupooza. Sakafu za mbao zimeoza, kwa hiyo zijaribu kwa mguu mmoja kwanza. Na usikanyage mchanga uliotulia bila sababu. Anayekufuata atakuta nyayo zako tu, naye atakulaani kwa haki kabisa.

Mji huu ulizaliwa na jiwe moja. Mwaka 1908 kibarua wa reli, Zacharias Lewala, ambaye zamani alifanya kazi Kimberley, alikuwa akizoa mchanga relini alipoliona. Aliijua almasi. Akampelekea msimamizi wake, August Stauch, naye Stauch akakimbilia leseni na kutajirika. Lewala hakupewa chochote.

Serikali ya Ujerumani, iliyoitawala Namibia wakati huo, ikalipiga marufuku eneo zima, na jangwani pasipo na maji pakaota hospitali, ukumbi wa maigizo, kiwanda cha barafu, hata mahali pa kucheza mchezo wa kuangusha vigingi kwa tufe. Hospitali ilikuwa na mashine ya eksirei, na husimuliwa kwamba haikuwa ya wagonjwa tu: ilimulika pia matumbo ya vibarua, isije ikawa wamemeza almasi. Vibarua hao, wengi wao Waovambo, waliletwa kwa mikataba na kulazwa kambini. Mwaka 1928 zikapatikana almasi nyingi zaidi kusini, karibu na mdomo wa Mto Orange, na watu wakaanza kuhama. Kufikia 1956 mji ulikuwa mtupu.

Lakini reli ile aliyokuwa akiifagia Lewala? Sehemu ya kazi ya kuijenga ilifanywa na wafungwa Waherero na Wanama waliotolewa kambi ya Shark Island, hapo hapo Lüderitz, na wengi wao walifia kazini. Ilikuwa miaka ile ile ambayo sisi huku Tanzania, chini ya bendera ile ile ya Ujerumani, tulikuwa katika Vita vya Maji Maji. Kisiwa hicho sasa kimeunganishwa na nchi kavu, na watalii wamekuwa wakipiga mahema juu yake.

Picha za Kolmanskop ni nzuri mno, na hapo ndipo ninapotilia shaka. Karibu zote ni za sebule za mabwana. Kambi ya vibarua haina rangi ya bluu ukutani, kwa hiyo kamera huipita. Basi wewe utakayefika huko, piga picha ya mlango wako uliozama mchangani kama wenzako, halafu chini ya picha hiyo andika jina la Zacharias Lewala.