Mtoto Msanii na Karo ya Chuo

Katika ukurasa huu wa jamaa za askari na polisi tumezoea kusoma habari za lishe, usafi wa nyumba na akiba ya mshahara. Leo yafaa tuzungumze juu ya mtoto anayekaribia kumaliza shule ya sekondari, ambaye hajulikani kwa hesabu wala kwa kemia, bali kwa kuchora, kuimba au kutunga hadithi. Mara nyingi mtoto huyo huitwa mvivu. Baba akirudi kutoka zamu na kumkuta ameinamia karatasi zake, neno la kwanza ni: "Acha mchezo, kashike kitabu!"

Huko Marekani yapo mashindano ambayo humpa kijana wa namna hiyo fedha za kuendelea na masomo. Yaliyo ya kale na mashuhuri ni yale ya Scholastic, yaliyoanzishwa mwaka 1923 na Maurice Robinson, mchapishaji wa magazeti ya shule. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ana nafasi yake ya pekee. Yeye hatumi picha moja tu au hadithi moja tu; anaweza kutuma mkoba mzima wa kazi zake, zilizochaguliwa zikashikamana. Katika miaka ya karibuni waliopata nishani ya dhahabu kwa mkoba wao wamepewa dola 12,500 kila mmoja.

Waamuzi hawaambiwi kijana ni wa kike au wa kiume, wala anatoka mji gani. Hutazama mambo matatu: ubunifu, ustadi, na sauti ya mwenyewe. Hilo la tatu ndilo gumu. Kijana aliyenakili mandhari ya kalenda, hata akiinakili kwa ustadi mkubwa, ameonyesha mkono wake lakini hajaonyesha macho yake. Yule aliyemchora mama yake akipiga pasi sare za kazi saa kumi na moja alfajiri ana jambo la kusema ambalo hakuliazima kwa mtu.

Mashindano mengine ni ya YoungArts, yaliyoanzishwa mwaka 1981 mjini Miami na Lin Arison na mumewe Ted, tajiri wa meli za watalii. Hayo huwapokea wachoraji, wanamuziki, wacheza densi, waigizaji na waandishi wenye umri wa miaka 15 hadi 18. Mwaka 1983 mmoja wa washindi katika uigizaji alikuwa msichana aitwaye Viola Davis. Alizaliwa mwaka 1965 katika jimbo la South Carolina, akakulia Central Falls katika Rhode Island. Umaskini wa kwao ameueleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2022: njaa, na nyumba iliyojaa panya. Alisoma chuo cha jimbo lake, kisha shule ya Juilliard ya New York, na mwaka 2017 akapata tuzo ya Oscar. Tuzo ya ujanani haikumfanya nyota kwa usiku mmoja. Miaka thelathini na zaidi ilipita kati ya Miami na Oscar.

Wasomaji wetu wenye sare huenda wakapendezwa zaidi na mashindano ya uchoraji yanayoendeshwa na chama cha jamaa za askari wa zamani waliopigana ng'ambo, yaani tawi la VFW. Wanafunzi wa sekondari huchora picha za uzalendo, na mshindi wa kwanza wa taifa amekuwa akipewa dola 15,000 za masomo. Akiichora bendera, rangi, nyota na milia yake lazima viwe kama sheria inavyotaka. Askari hawahitaji kuelezwa sababu!

Lakini mzazi asidanganyike kwa ukubwa wa tarakimu. Katika vyuo vingi vya binafsi vya Marekani, dola 12,500 hazitoshi karo ya mwaka mmoja. Andy Warhol, mchoraji wa Pittsburgh, naye huhesabiwa miongoni mwa vijana walioshinda tuzo za Scholastic. Hata hivyo, kilichomfikisha chuoni mwaka 1945 ni akiba ya baba yake, mhamiaji mfanyakazi wa mikono, aliyefariki mwaka 1942 baada ya kutenga fedha kwa ajili ya masomo ya mwanawe huyo.

Mashindano hayo kwa jumla ni ya vijana wa huko, na sitaki mtu auze mbuzi ili kulipa dalali atakayedai kuwa anaweza kumwingiza mwanawe. Ninayoyataka tuyaige ni matayarisho yao. Maombi ya YoungArts hufungwa katika miezi ya mwanzo ya mwaka wa mwisho wa shule, kwa hiyo kijana anayeanza kukusanya kazi zake mwaka huo amekwisha kuchelewa. Na njia ya sanaa si ngeni kwetu. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937. Mmoja wa waliopita hapo, Sam Ntiro, aliendelea na masomo katika shule ya Slade mjini London, na Tanganyika ilipopata uhuru akawa Balozi wake Uingereza.

Jamaa za askari zina taabu yao ya pekee, nayo ni uhamisho. Lori likifika, vyombo na magodoro hupakiwa kwanza, na karatasi za mtoto huwashiwa jiko. Mama na baba, tafuteni kasha moja la bati. Picha zilazwe bapa, kila moja na karatasi safi kati yake na nyingine, zisikunjwe. Nyuma ya kila picha mtoto aandike kwa penseli jina lake, tarehe na mahali alipoichorea. Mtunzi wa mashairi atumie daftari moja lenye jalada gumu. Mwimbaji arekodiwe kwa simu mahali pasipo kelele, wimbo mzima, mara moja kila muhula. Kasha lipande lori pamoja na sare.