Maana ya Neno Kumeng'enya

Siku moja Mwalimu wetu wa Baolojia alitutaka tueleze kwa Kiswahili jambo linalokipata chakula mwilini, ili ajue kama tumeelewa au tumekariri tu. Mimi nikajibu upesi, "Huyeyuka." Mwalimu akatikisa kichwa, akasema, "Chumvi huyeyuka. Ugali humeng'enywa." Wenzangu walicheka, nami nikaona haya, maana sikuijua tofauti.

Kumeng'enya ni kuvunjavunja kitu kiwe vipande vidogo vidogo, kama mtu avunjavyo mkate mkavu kwa vidole. Katika sayansi neno hilo lina maana ya kuvunja chakula mpaka kiweze kupenya kuta za utumbo na kuingia katika damu. Kitu kinachofanya kazi hiyo huitwa kimeng'enya.

Kwa nini basi tusiseme kuyeyuka? Tia chumvi katika maji, kisha uyachemshe mpaka yakauke. Chumvi utaikuta ile ile. Lakini wanga wa ugali ukimeng'enywa hugeuka sukari, wala ukikausha maji hutaupata tena.

Tulihakikisha jambo hili wenyewe. Tulipika uji mwepesi wa wanga, tukauacha upoe, tukautia katika neli mbili. Ya kwanza tuliiongeza mate, ya pili maji matupu. Tukaziweka zote katika maji ya joto la nyuzi 37, kama joto la mwili. Baada ya nusu saa tukadondosha iodini. Neli ya maji iligeuka buluu iliyokaribia weusi, dalili ya kuwa wanga ungalimo. Neli ya mate ilibaki na rangi ya iodini yenyewe. Wanga ulikuwa umevunjwa na kimeng'enya cha mate kiitwacho amilesi.

Kazi haiishii kinywani. Tumboni pepsini huanza kuvunja protini ya nyama na maharage, na katika utumbo mwembamba vimeng'enya vingine huimaliza.

Neno la Kiingereza la jambo hili nilikuwa nimelikariri tangu Kidato cha Kwanza, hata kuliandika sikosei. Lakini sikujua linasema nini mpaka nilipoaibika kwa lile la kwetu. Basi wenzangu, kabla ya kukariri neno tuulize lina kazi gani. Na mama akituambia tutafune polepole, tumsikilize, kwani kumeng'enya huanzia kwenye meno.