Utafutaji wa chembe nzito za mfumuko wa ulimwengu

Utafutaji wa chembe nzito za mfumuko wa ulimwengu ni sehemu ya kosmolojia inayochunguza kama anga limehifadhi alama za chembe zilizotokea mwanzoni kabisa mwa ulimwengu. Hadi sasa alama hizo hazijapatikana.

Asili ya chembe

Kufuatana na nadharia iliyochapishwa na Alan Guth mwaka 1981, ulimwengu ulipanuka kwa kasi kubwa mno katika sehemu ndogo sana ya sekunde ya kwanza. Kipindi hicho huitwa mfumuko. Huenda nishati yake ilizidi mara bilioni kadhaa ile ya migongano katika mashine ya LHC ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Kwa hiyo iliweza kuunda chembe nzito zisizoweza kuundwa leo. Chembe hizo zilioza mapema. Kinachotafutwa ni athari zake.

Namna ya kuzitambua

Wakati wa mfumuko palitokea tofauti ndogo za msongamano, ambazo baadaye zilikuwa mbegu za galaksi. Kama zilitokea kwa nasibu tupu, kulinganisha sehemu mbilimbili za anga kunatosha kuzieleza. Lakini chembe nzito ikioza huweza kuunganisha sehemu tatu.

Mwaka 2015 Nima Arkani-Hamed na Juan Maldacena walieleza jinsi ya kusoma uhusiano huo. Hupimwa pembetatu zenye upande mmoja mfupi na pande mbili ndefu. Umbo la pembetatu likibadilika, uhusiano hupanda na kushuka kama wimbi. Wimbi hilo huonyesha masi ya chembe, na pembe kati ya upande mfupi na mrefu huonyesha spini yake. Ni kama nyayo topeni: mnyama ameshaondoka, lakini kina na umbo la nyayo hueleza uzito na aina yake.

Vipimo

Satelaiti ya Planck, iliyorushwa tarehe 14 Mei 2009, ilipima mnururisho uliotoka takriban miaka 380,000 baada ya Mlipuko Mkuu. Alama haikuonekana. Hata hivyo hiyo si thibitisho kwamba chembe hazikuwepo, maana alama inaweza kuwa hafifu kuliko uwezo wa vipimo. Tena ulimwengu ni mmoja, na jaribio lake halirudiwi. Njia iliyobaki ni kupima galaksi nyingi zaidi.

Kazi hiyo inafanywa na darubini ya SPHEREx, iliyorushwa na NASA Machi 2025. Darubini ya redio ya SKA, inayojengwa Afrika Kusini na Australia, inatarajiwa kuongeza vipimo. Kenya ni mojawapo ya nchi washirika wa mradi huo barani Afrika.