Kuotesha mbegu za mboga ndani ya nyumba



Tukipita kwenye bustani za mboga pembeni ya Kamina, neno tunalosikia mara mingi ni hili: «Agronomu, mbegu ilikuwa mbaya, haikuota.» Mara moja moja ni kweli. Lakini mara mingi mbegu ilikuwa nzima, ikafia katika udongo. Ilizama katika maji, au ilizikwa chini sana, au sisimizi waliibeba, au mvua kubwa ya mwezi wa kumi ilipiga kitalu usiku mmoja tu. Gramu moja ya tomati ina karibu mbegu 300. Mwenye kupoteza gramu tatu amepoteza karibu miche 900, na feza ya kununua kikopo kingine si rahisi kuipata wakati mavuno bado iko mbali. Ndiyo maana leo tunaandika kwa mtu ambaye hajawahi kuotesha mbegu chini ya paa.

Tuanze na mbegu yenyewe. Ni kitu chenye uhai kilicholala. Ili iamke inahitaji maji, hewa na joto. Watu wanasahau hewa. Mbegu inapumua, na udongo uliojaa maji hauna fasi ya hewa, kwa hiyo mbegu inaoza mbele ya kuota. Kwa joto, tomati inapenda kati ya digri 20 na 30. Ikishuka mpaka karibu na digri 10, inakaa bila kufanya kitu. Kamina iko juu ya metre 1.000 kutoka usawa wa bahari, na munajua baridi ya usiku ya mwezi wa sita na wa saba. Wakati ule kitalu cha nje kinachelewa sana, lakini kikopo kilichowekwa ndani, karibu na ukuta wa jikoni, kinaweza kutoa tomati kwa siku sita mpaka kumi. Pilipili ni mvivu: hata ndani inaweza kuchukua wiki mbili. Shu inatoka haraka, siku nne mpaka saba. Tunasema karibu na ukuta, si juu ya mbabula. Na musiingize mbabula yenye makala ya moto katika chumba cha kulala juu ya kupasha miche joto: moshi wake usioonekana unaua watu.

Mbele ya kumwaga mbegu yote, mupime. Chukua mbegu 20, uziweke juu ya kitambaa safi chenye maji kidogo ndani ya sahani, ufunike na sahani nyingine, uchungue kila asubuhi kama kitambaa hakijakauka. Kisha siku kumi (kwa pilipili siku 15), hesabu. Zikiota 16 ao zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiota kumi ao kumi na mbili, panda mbili mbili kwa kila shimo. Zikiota chini ya hapo, usipoteze nguvu zako. Kooperativi inayonunua pamoja ifanye kipimo hiki mbele ya kugawia wamemba, kwa sababu mbegu iliyokaa miezi katika kopo wazi, kwenye jua la soko, inakufa bila kubadilika rangi. Kitunguu ndicho kinachochoka upesi: kisha mwaka mmoja nguvu yake imepungua sana. Tomati ikikaa fasi kavu inaweza kukaa miaka mitatu. Kama mbegu ina rangi ya waridi, ya bluu ao ya kijani, imepakwa dawa. Nawa mikono, na usitupie kuku ile inayobaki.

Udongo wa kuoteshea si udongo wa shamba. Wengi hapa kwetu wanapenda udongo wa kichuguu, na ni kweli unasaidia bustani, lakini katika kikopo unashikana kama tofali na mche mdogo unashindwa kupenya. Changanya kopo mbili za udongo mweusi wa chini ya miti, kopo moja ya mchanga wa mto uliosafishwa, na kopo moja ya mbolea ya mbuzi iliyooza kabisa, ile isiyonuka tena. Chekecha. Kisha mwaga maji yanayochemka juu yake, uache upoe na kujichuja mpaka kesho yake. Hii inapunguza ugonjwa tutakaosema hapa chini. Vyombo viko nyumbani: kopo ya maziwa, ya sardini kubwa, bidoni ya mafuta iliyokatwa kwa ubavu. Sharti ni moja: toboa matundu chini. Chombo bila tundu ni kaburi.

Panda kwa mistari, mbegu moja moja, na uzifunike kwa udongo mwembamba, mara mbili ao tatu ya unene wa mbegu yenyewe. Kwa tomati ni kama nusu sentimetre. Salada usiifunike, ikandamize tu kidogo, kwani inapenda kuona mwangaza. Na inakataa kuota fasi ya joto kali, basi iwekwe mbali na jikoni. Maji yatoke katika chupa ya plastiki iliyotobolewa kifuniko kwa sindano, si kwa kikombe. Gusa udongo kwa kidole: ukishikamana na kidole, usitie maji leo.

Sasa tunafika fasi ambapo kazi inaharibika zaidi. Kwa kuota, mboga mingi haihitaji mwangaza. Lakini siku ile unaona shingo ya kwanza imetoka, mche unaanza kuhitaji jua. Ukiuacha katika chumba chenye dirisha dogo siku tatu ine, unajivuta, unakuwa mrefu, mweupe, na unaanguka. Mche kama huo hauponi, hata ukiupa mbolea. Kwa hiyo «ndani ya nyumba» ni kwa kuota tu. Mche wa kwanza ukitoka, peleka chombo barazani asubuhi ileile, fasi yenye mwangaza, nje ya mbuzi na kuku, juu ya meza ambayo miguu yake imesimama katika vikopo vya maji, juu ya sisimizi. Usiku, ao mvua ikija, rudisha ndani. Ni kazi ya kila siku, na katika nyumba mingi ni watoto wanaoifanya vizuri kuliko sisi.

Ugonjwa ni huu: mche unaonekana mzuri jioni, asubuhi umelala, na shingo yake pale inapogusa udongo imekuwa nyembamba kama uzi. Ni vidudu vya ukungu vilivyomo katika udongo. Vinapenda maji mengi, miche iliyobanana na fasi isiyopita hewa. Hakuna dawa ya kuinua ulioanguka. Ondoa wagonjwa na udongo wao, punguza maji, peleka chombo kwenye hewa.

Ukiona majani mawili ya kweli (si yale mawili ya kwanza), hamisha kila tomati katika kifuko chake ao katika ganda la mgomba lililokunjwa. Ushike jani, usishike shingo. Wiki moja mbele ya kupeleka shambani, zoesha miche: saa mbili kwenye jua siku ya kwanza, kisha ongeza kila siku na upunguze maji, mpaka ilale nje usiku.

Karoti, gombo, maharagi na maboga musiziweke katika kazi hii. Karoti iliyohamishwa inatoa mizizi yenye vidole, na zile nyingine mbegu zake ni kubwa, zinaota zenyewe shambani.

Kwa kujua tarehe, hesabu kwa kurudi nyuma kutoka siku unayotaka kupanda shambani. Tomati na shu, wiki nne mpaka tano. Pilipili, wiki saba. Kitunguu, wiki sita mpaka nane. Mwenye kutaka tomati yake ishike mizizi mwanzoni mwa mwezi wa kumi aanze na vikopo mwisho wa mwezi wa nane, na kipimo cha kitambaa wiki mbili mbele ya hapo.